Nduaro wa Ndyamukama Alivyoliwa Ihembe

Nyamazeni, enyi watu wa Ihembe na Kituntu, nanyi wa Bugene mlioketi mkimenya ndizi! Wekeni visu chini, fukuzeni kuku mlangoni, tegeni masikio yote mawili, maana habari hii ni nzito mno kwa sikio moja. Isimuliwe leo karamu ya Ndyamukama mwana wa Kashaija, Mshika Kamba, Mchosha Nduaro, mtu wa kwanza wa vilima hivi kupigana na mnyama wa bahari ya chumvi, na wa kwanza kuitwa mwongo kwa kosa la kusema kweli.

Miaka sita shujaa huyu alikata mkonge huko Tanga. Siku moja msimamizi wa shamba, Mzungu mwenye kofia pana, akamchukua katika mashua yake ya kuvulia ili achote maji yaliyokuwa yakivuja ndani. Ndipo nduaro akaimeza ndoana, samaki mwenye pua ya mkuki na urefu wa watu wawili waliolala wakifuatana. Mzungu akateleza, akaanguka chali, na kamba ikabaki mikononi mwa Ndyamukama, ambaye hakuwa amepata kukamata kitu kikubwa kuliko mbuzi mtoro. Akaishika tangu jua la utosi hadi alasiri, akimwita Mungu kwa Kinyambo, kwa kuwa Kiswahili chote kilikuwa kimemwishia. Samaki akachoka kwanza. Mzungu akaichukua ile pua akaipigilia ukutani kwake, naye Ndyamukama akapewa kipande cha mkia kilichokaushwa kwa chumvi, akarudi nacho kwao kwa garimoshi, kwa meli hadi Bukoba, kisha kwa miguu kupitia Kyaka.

Lakini nani aliamini? Mkwewe, mzee Rwegoshora, Mwenye Fimbo Mbili, Mkata Mashauri, alikigeuza kile kipande mkononi, akakinusa, akasimama mbele ya majirani.

"Samaki wa kumzidi ng'ombe!" akanguruma. "Mkwe wangu, mimi nimeuvuka mto Kagera mara arobaini. Kamongo namjua, kambare namjua. Huyu ni kambare wa Kyaka aliyeanikwa juani! Nilidhani binti yangu Kokubanza nimemwoza kwa mtu, kumbe nimemwoza kwa mdomo!"

Majirani wakacheka hadi wakashikana mabega. Neno lile lilimchoma Ndyamukama kuliko miiba yote ya mkonge. Tayari kisimani Kokubanza alikuwa akiitwa Mke wa Kambare, na jina la namna hiyo likishakomaa huku kwetu, hurithiwa hadi na wajukuu. Basi akawaalika wote Jumapili baada ya misa, waje waionje bahari kwa ndimi zao wenyewe.

"Mke wangu," akaagiza, "loweka samaki huyu usiku kucha, kisha maji yake uyamwage."

Kokubanza, Mlinzi wa Chungu, akaloweka. Asubuhi akayaonja yale maji kwa ncha ya kidole. Chumvi! Chumvi ambayo dukani hupimwa kwa kijiko huku mwenye duka akikutazama kama mwizi, leo imejaa chungu kizima, nayo ni ya bure! Mwanamke aliyelelewa vema hamwagi kitu kama hicho. Akayapikia ndizi na maharage, kisha akamrudisha samaki mumo humo.

Saa ikawadia. Jani la mgomba likatandikwa, chakula kikamiminwa, mvuke ukapanda. Kwa desturi ya nchi, mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, ili wageni waone kwamba chakula hakina neno. Macho kumi na manne yakaukazia uso wa Ndyamukama. Akiukunja tu, si mwongo tena, ni mchawi.

Tonge likaingia. Ole wake ulimi! Chumvi ikapanga vikosi, ikateka ufizi wa juu, ikateka wa chini, ikatuma wapelelezi puani, ikapiga ngoma ndani ya masikio. Akamtupia jicho mkewe. Kokubanza alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu kwa fahari, na hapo Ndyamukama akaelewa yote, akakasirika, akampenda, vyote kwa mara moja. Akameza.

"Tamu," akasema.

Rwegoshora akamega. Akatafuna. Ndevu zikamtetemeka, akalinyakua buyu la rubisi, pombe ya ndizi, akalinywa peke yake hadi nusu, jambo ambalo mzee wa heshima halifanyi mbele za watu.

"Kokubanza," akauliza polepole, "umetia chumvi kiasi gani?"

"Hata chembe, tata, baba yangu. Ni maji ya samaki mwenyewe."

Mzee akashika fimbo zake zote mbili, akainuka.

"Sikilizeni! Kagera nimeinywa, haina chumvi. Ziwa la Bukoba nimelinywa kwa viganja, halina chumvi. Samaki huyu hakuzaliwa katika maji yanayonyweka!" Kisha akamgeukia Ndyamukama, sauti imeshuka. "Waitu, jamani! Na maji yote ya huko ndivyo yalivyo?"

"Yote, tata. Hadi yanapokutana na mbingu."

"Nawe umekaa huko miaka sita." Mzee akatikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Ndyamukama alikuwa na hotuba aliyoitunga wiki nzima, yenye nduaro, mawimbi na Mzungu aliyeanguka chali. Akaomba maji tu.

Wazee wakamla nduaro wakammaliza, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa mnyonge mbele ya bahari, na mitungi yote ya jirani ikakauka kabla jua halijachwa. Basi na ihifadhiwe katika tarehe ya nchi ya Karagwe, baina ya vita na tawala zake, kwamba Ndyamukama mwana wa Kashaija alimeza tonge moja bila kukunja uso, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu Ihembe aliyemwita mwongo, hata pale alipodanganya.