Boti Iliyonikubali Mimi Tu

Jumatatu, 3 Machi
Mama Yadi, mwenye yadi yetu ya boti, katangaza. Boti ya alumini iliyopandishwa juu ya magogo iishe Ijumaa, na atakayefanya vizuri ndiye msimamizi mpya. Tuko wawili: mimi wa mashine ya msasa, na Miwani, fundi umeme, mtu wa kunusanusa nyaya. Mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba cheo ni changu. Sina pa kurudi nyuma.

Shida moja tu. Kila nikiwasha mashine, umeme wa yadi nzima unakatika. Mara sita! Waya wa mashine umechubuka pale unapolalia boti, lakini kidogo tu. Nyumbani ninao mbovu kuliko huo.

Jumanne, 4 Machi
Mchawi nimempata. Waya wa kijani na njano, umefungwa kwenye boti, unaishia kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Hauwashi taa, hauzungushi feni. Miwani anauita ethi. Ati umeme ukipotea njia unapita humo, swichi inakata, watu wanapona. Porojo.

Nimeufungua, nikafungia turubai. Umeme haukukatika tena mchana kutwa. Nani fundi sasa?

Jumatano, 5 Machi
Makubwa haya. Fundi rangi kagusa boti, karuka nyuma, kakaa chini anautazama mkono wake kama wa kuazima. Seremala naye vivyo hivyo. Mimi naishika nitakavyo, sisikii kitu.

Nikawaambia boti hii ina mwenyewe, na imenikubali mimi tu. Wamenywea. Buti zangu za mpira sikuzitaja, hakuna aliyeuliza. Mama Yadi kanitazama kwa jicho la heshima. Miwani hayupo, yuko kazi ya nje hadi kesho. Cheo kiko mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi
Leo sina hamu ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Mama mkwe kaja kuniona kazini, mwanawe kamjaza sifa. Kavua viatu getini kwa ajili ya tope. Mimi niko juu ya ngazi, Mama Yadi kasimama pembeni. Mama mkwe akasema nishuke nimwamkie kama mtu mwenye adabu, huku akinyoosha mkono aegemee boti. Nilitaka kumkataza. Nikakumbuka kwamba nikimkataza, wote watajua kuwa nilijua. Nikameza maneno.

Akashika. Mkono umeganda palepale, macho yamemtoka, mkoba chini. Mama mzaa mke wangu! Nilishindwa hata kushuka. Miwani ndiyo kwanza anaingia getini. Hakumgusa. Alikimbilia swichi kuu, akazima.

Mama mkwe akaanguka topeni. Halafu akaguna, akauliza ni nani kamsukuma. Nililia mbele ya watu, sioni aibu kuandika. Daktari anasema moyo uko sawa, kiganja kimeungua.

Miwani aliufuata ule waya hadi kwenye turubai. Akanitazama, akaufungua, akaurudisha kwenye boti. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi ni Miwani. Mimi nimepewa ufagio. Mke wangu anaongea na sufuria, si na mimi. Nimeapa mbele ya kioo: sitachezea umeme tena maisha yangu yote.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa mama mkwe kuomba radhi. Nimembebea birika jipya la umeme, maana kwa mkono ule uliofungwa bandeji hawezi kuhangaika na jiko. Kanisamehe. Kasema mimi bado ni mwanawe. Nilifarijika sana.

Tatizo dogo: plagi ina pini tatu, soketi ya nyumbani kwake ina matundu mawili. Nikaikata ile ya tatu kwa koleo, ya kazi gani? Maji yakachemka vizuri, tukanywa chai. Ukiligusa birika linakutekenya kidogo tu.

Nimemwachia buti zangu za mpira.