Malalamiko Juu ya Binti Aliyefundishwa Kukumbuka

Mikidadi, fundi cherehani,
Engutoto, Arusha.

Kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Sumari,

Shikamoo. Nasikia nimekuzidi miaka miwili, lakini leo mwenye shida ni mimi, basi ipokee.

Mimi ni baba yake Swabaha wa kidato cha tatu. Nakuandikia kumshtaki, kwa heshima zote, Mwalimu Elihuruma wa Kiswahili. Amewasomesha watoto riwaya nzima darasani, kila mmoja akisoma ukurasa kwa sauti, kisha akawaagiza waandike kumbukumbu za kwao kwa mtindo uleule. Jumamosi, siku ya wazazi, zitasomwa mbele yetu. Madai yangu ni haya:

1. Katika riwaya hiyo yumo msichana anayekiri kwamba yeye ndiye aliyewafungulia mbuzi wa babu yake. Jamani, hao mbuzi walishaliwa na fisi! Kukiri kwake kunamsaidia nani? Angenyamaza, kitabu kikawa chembamba, watoto wakapata muda wa hisabati.

2. Nyumbani hakuliki tena. Swabaha anakaa na daftari mezani, ananitazama ninavyotafuna. Juzi kaniuliza nilijisikiaje siku aliyozaliwa. Nilijisikia njaa, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama nje ya wodi tangu alfajiri. Ameandika hivyo hivyo!

3. Hili ndilo lililonifanya nizime cherehani. Mimi na mdogo wangu Najim hatusemezani, mwaka wa tisa huu. Siku ya Idi nilimpelekea pilau kwenye hotipoti, naye akairudisha tupu. Wewe ni mtu mzima, unajua kwetu chombo cha watu hakirudishwi hivyo, hata chumvi utaweka. Nikasema haya, kama ni dharau, na iwe dharau. Akahamia Nduruma kulima vitunguu, sikumsindikiza. Binti yake Twahira ameolewa, sikwenda.

Sasa Swabaha ameandika kwamba hotipoti haikuwa tupu. Ilijaa visheti. Yeye ndiye aliyetumwa kuirudisha, ana miaka saba, akajificha nyuma ya duka la spea la Mohinder akavila vyote, kumi na kimoja, akalamba na sukari. Ameweka mpaka harufu ya iliki, maana Mwalimu Elihuruma anasema kumbukumbu isiyo na harufu haijaiva.

4. Kutokana na hayo, nimebaki na hasira ya miaka tisa isiyo na mwenyewe. Nimeitunza vizuri mno, nimemsimulia kila mteja aliyekuja kupimwa suruali. Leo niipeleke wapi? Shule ina stoo? Najim namwonea haya, tena haya kweli kweli. Na huyo mtoto wa miaka saba siwezi kumchapa, kwa sababu sasa ana kumi na sita na ananizidi kimo.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kumbukumbu hizo zisisomwe Jumamosi. Pia Swabaha aagizwe kuandika upya, hotipoti irudi tupu kama nilivyoizoea. Na riwaya ijayo isiwe na baba, wala baba mdogo, wala chakula cha aina yoyote.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini na mama wa jikoni. Mwalimu Elihuruma msalimie pia, lakini kidogo.

Mimi, mzazi niliyeandikwa bila kuulizwa,
Mikidadi

Tanbihi: Ratiba ya Jumamosi isibadilishwe. Asome yote, na hayo ya kulamba sukari. Ila Najim hana mtoto shuleni kwenu, hawezi kuja bila kualikwa, na nikimpigia mimi hatapokea. Tafadhali mwandikie barua yenye mhuri wa shule, na usimwambie nani kaomba. Kiti chake kiwekeni mbele kabisa, pembeni yangu. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu utotoni, na sitaki apitwe na neno hata moja.