Wakosaji Hamsini wa Marystella

Jumatatu, 9 Juni 2025

Marystella anamaliza chuo kikuu! Wa kwanza ukoo mzima, upande wangu na upande wa baba yake, mpaka wale wa Ruangwa tusiosalimiana nao. Haya. Sasa habari za leo, daftari.

Amekuja jana na begi la magurudumu. Mchanga wetu wa Chiola umeyashinda magurudumu, akalibeba kichwani kama mama yake. Nilifurahi hadi nikamwita jirani yangu Swaumu aje aone.

Imebaki kazi moja. Anatakiwa awaulize watu hamsini maswali, aandike ripoti, aikabidhi chuoni tarehe 20. Ikikubaliwa, amemaliza. Ikikataliwa, anarudia mwaka mzima. Mimi kanisani nimeshatangaza kwamba amemaliza. Akasema mama, bado. Nikamwambia siku kumi na moja ni kitu gani.

Somo lake ni la jamii. Amenieleza tukimenya mbaazi mbichi. Anasema watu wote wanafundishwa kutaka vitu vilevile: nyumba ya bati, simu kubwa, sherehe yenye spika. Ila njia ya kuvifikia hawakupewa wote. Basi mmoja anaacha kutaka. Mwingine anafuata taratibu zake tu bila tumaini lolote. Hapo nikamtazama baba yake, Silvanus, anayepalilia mikorosho ileile tangu tuoane. Na mwingine anataka vilevile kama wenzake, lakini anapita porini.

Nikasema huyo wa porini ni Bi Swaumu jirani, basi, andika. Kijana wake Hamidi anachimba dhahabu Namungo, kamnunulia mama yake friji. Swaumu anawekea vitenge!

Marystella akacheka. Akasema tena kuna wakati kanuni za zamani zinalegea na mpya hazijashika, mtu hajui hata aibu inaanzia wapi. Hapo nilimwelewa sana. Sisi tulitaka nini? Chumvi, sabuni ya mche, kanga jozi moja. Tulikosa wote sawasawa. Unyago wangu, nyakanga, yule mkuu wa makungwi, alitaja siku tu, watu wakaja na unga kwenye vikapu, na ngoma ilipigwa kwa mikono ya wajomba zangu. Mwaka jana Swaumu kamchezesha mjukuu wake unyago kwa kadi za mwaliko na sofa la kukodi. Mtoto kakalishwa kwenye sofa, kasinzia.

Lakini nimechungulia swali la saba. Umewahi kuvunja kanuni ili upate unachokitaka? Ati! Mwanangu aende chuoni akaseme kwao ni kwa wezi?

Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umekwenda vizuri mno. Nilimtangulia Marystella nyumba kwa nyumba. Kila mlango nikaingiza kichwa: binti yangu msomi anakuja, ukiulizwa lolote sema hapana. Wote wakaitikia. Watu wa hapa wana heshima, tofauti na wa mjini Nachingwea.

Nikafika hadi kwa Mabula, yule mfugaji aliyehamia mwaka juzi na ng'ombe zake kutoka kanda ya ziwa. Akaniuliza, Mama Stella, hata kama ng'ombe waliingia shamba la mtu? Nikamwambia hasa hapo ndipo useme hapana. Akavua kofia, akafikiri, akaivaa.

Jioni zimepatikana karatasi ishirini na mbili. Kijiji kisafi kama sahani ya padri. Silvanus naye alijibu. Kasema hapana kwa yote, hata alipoulizwa kama ameoa. Nimemnunia kidogo, ila moyoni nimemsifu. Anafuata maelekezo.

Alhamisi, 12 Juni

Mungu wangu.

Marystella alipanda kwenye kichuguu cha nyuma ya choo, ndipo mtandao unaposhika, akampigia mwalimu wake msimamizi. Nilikuwa chini nashika kanga yake isiingie miba. Sauti ya mwalimu ilishuka mpaka kwangu. Ametumiwa picha za karatasi. Akauliza hicho ni kijiji gani cha malaika. Akauliza kama amezijaza mwenyewe akiwa kitandani. Akasema akipata nyingine za namna hiyo, asijisumbue kurudi na ripoti, arudi mwaka kesho.

Mwanangu akashuka. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akatazama miguu yake. Nilimpikia ugali na kisamvu cha nazi. Hakugusa. Marystella na kisamvu cha nazi! Alipokuwa mdogo alikuwa akilamba chungu hadi pua inakuwa ya kijani. Tulikuwa tunacheka wote watatu, Silvanus akimwita kasuku. Leo chungu kimejaa nzi.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Kinywa kilifunguka kabisa. Nikaishia kumuuliza kama aongezewe chumvi.

Kama wanataka wakosaji, nitawapatia wakosaji. Nikavuka kwa Swaumu. Nikamwambia karatasi sasa zinatafuta watu waliokosea kwa sababu ya shida. Swaumu akauliza, wakishapatikana? Mimi sikusema msaada. Kwa kweli sikulitamka hilo neno. Nilisema tu kwamba mtu mwenye akili hawezi kutoka chuo kikuu mpaka huku kuandika shida za watu bure. Nikainua nyusi.

Nyusi zangu zimefika Chiola nzima kabla jua halijazama. Limi, mke wa Mabula, nilimkuta kisimani, naye nikamwinulia.

Jumamosi, 14 Juni

Foleni! Kuanzia mlangoni hadi kwenye banda la kuku. Wengine wametoka vijiji vya jirani, wamekuja na viti vyao. Nilipita na maji ya kunywa, nimevaa gauni la Pasaka.

Marystella aliwaita mmoja mmoja chumbani. Anaahidi kila mtu kwamba maneno yake ni siri, hata jina haandiki, namba tu. Mimi nilikuwa dirishani kwa bahati mbaya, nikifagia.

Dhambi zilivyomwagika! Watu watatu, kila mmoja peke yake, wameiba mbuzi mmoja, na mbuzi mwenyewe amefungwa uani kwetu anakula ganda la muhogo. Mzee mmoja kachoma ghala la ushirika mwaka sabini na nne. Ghala lile lilipigwa na radi, hata marehemu mama yangu alilisimulia. Bibi mwingine kasema ameua. Alipoulizwa kaua nini akaomba aambiwe kipi kinahitajika zaidi.

Nilikumbuka wakati wetu. Mtu akiiba hindi moja shambani, alitembezwa nalo shingoni, watoto tukimwimbia nyuma. Siku nzima anatamani ardhi impokee. Leo watu wanapanga foleni na viti!

Kisha akaingia Swaumu. Nikafagia palepale. Nikamsikia akisema kwa sauti tamu kwamba amesogeza mpaka wa shamba, amemega mikorosho mitatu ya jirani.

Jirani ni mimi!

Sijui ilikuwaje. Nilijikuta kichwa na ufagio vimeingia dirishani. Nikamwita mwizi mbele ya watu, nikamwambia atoe friji lipasuliwe nione kama mikorosho yangu imo. Swaumu akafoka, msomi gani huyu siri yake inakaa dirishani? Foleni ikasikia. Wote wakaanza kupiga kelele kwamba wamesikilizwa. Viti vikaanguka. Mtendaji wa kijiji, Habibu, akaja akitoa macho. Akataka akabidhiwe karatasi zote, kwa kuwa ndani yake kuna uhalifu.

Marystella alizipanga karatasi kitini, akazikalia.

Mtendaji akasema atarudi Jumatatu na mgambo. Silvanus, ambaye siku nzima alikuwa anasikiliza mpira wa timu ya Namungo redioni, aliniambia kwamba pale mpakani hatuna mkorosho hata mmoja. Tulipanda mbaazi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Ningetangaza nini?

Nilimshauri Marystella tuzifukie karatasi kwenye gunia la ufuta. Akasema hapana. Nikamshauri asingizie zimeliwa na mbuzi, maana mbuzi yupo. Akaniuliza taratibu, mama, nani aliwaambia watu kuna msaada? Nikakoroga chungu. Kilikuwa kitupu.

Ndipo akaingia Mabula, kofia mkononi. Akamsalimia binti vizuri, akaketi chini. Akasema ana tatizo. Mama Stella alimwambia aseme hapana, kisha akamwambia mke wake aseme ndiyo. Yeye amekaa na jambo hilo siku tatu, hajui ajibu lipi, kwa sababu ng'ombe waliingia kweli shambani kwa mtu na alinyamaza, na huko alikotoka hakuwa na desturi ya kunyamaza, alikuwa analipa ndama siku hiyohiyo. Tangu ahame haelewi huku watu wanafanyaje.

Nilitamani nigeuke mwiko.

Marystella hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwandika Mabula, neno kwa neno, akamshukuru. Halafu akachukua karatasi safi. Akasema, mama, kaa.

Nikakaa. Akaniuliza nilipokuwa msichana nilitaka nini kuliko vyote, na njia ilikuwepo au haikuwepo.

Nilianza kujisifu, kama kawaida. Akaweka kalamu chini, akangoja. Basi nikasema. Mwaka tisini nilimaliza la saba. Jina langu lilibandikwa ukutani, Aurelia, nimechaguliwa sekondari. Baba alikuwa na nauli ya mtoto mmoja, akaenda kaka. Mimi nikabaki kubeba ufuta sokoni Nachingwea. Kila siku ya soko niliweka daftari juu ya kikapu. Tupu, halina hata tarehe. Watu wakiniuliza nasoma wapi, nawatajia shule. Wengine walinipisha njia. Miaka miwili nilisoma hivyo, barabarani, na kama ungeniona! Nilikuwa na shingo ndefu. Nilijua barabara ile kila shimo, na harufu ya ufuta mpya, na wasichana wenzangu wakiniita Ticha kwa utani, nami nikiitika.

Marystella aliacha kuandika. Alinishika kidole kimoja, kidogo.

Kisha akauliza swali la nane, maana kazi ni kazi.

Jumatatu, 16 Juni

Mtendaji alikuja na mgambo wawili. Marystella akamsalimia shikamoo. Akamwambia karatasi za Jumamosi ni za uongo mtupu, watu walidanganywa na mtu wa nyumbani kwake, naye anaomba radhi. Nilitazama juu, kama vile kuna ndege. Akasema pia kwamba ahadi ya siri ni ya kila mtu aliyeketi kwenye kile kiti, kuanzia wa asubuhi kabisa aliyevaa kofia ya kufunika macho.

Mtendaji akashika kofia yake. Akakumbuka ana kikao.

Karatasi zile mwanangu hazitumii kama ushahidi. Anaandika namna kijiji kizima kilivyokuwa safi Jumanne na kichafu Jumamosi, na watu walikuwa wanataka nini siku zote mbili. Leo na kesho atawarudia kumi na wawili, polepole, mimi nikiwa nimefungiwa jikoni. Silvanus kapewa ufunguo. Kwa mara ya kwanza ana cheo.

Jumatano, 18 Juni

Ameondoka. Nilimsindikiza hadi stendi ya Nachingwea kwa bodaboda, tukapita barabara yangu ile. Sasa ina lami mahali nilipokuwa nikipumzisha kikapu. Nilimwonyesha. Akaniambia mama, tafadhali, mpaka nikupigie usimwambie mtu chochote. Nikaapa.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Ripoti imekubaliwa!!!

Nimepanda kichuguu mwenyewe kupokea simu, viatu nikaviacha chini. Mwalimu kasifu hasa ukurasa wa mhojiwa namba thelathini na moja, mwanamke wa makamo, mkulima. Kasema hajasoma kitu kama hicho. Mwanamke huyo jina limefichwa kabisa, hakuna atakayemjua.

Marystella akaniambia bado kuna kikao cha chuo, matokeo kamili hadi Septemba, na mahafali Desemba. Akaniomba ningoje. Nikamjibu, nimejifunza, mwanangu. Akafurahi sana.

Nikashuka. Nikamwambia Swaumu peke yake. Nikamwambia pia kwamba namba thelathini na moja ni mimi. Nimeshampa nyakanga habari ataje siku kama zamani, hakuna kadi, kila mtu na kikapu chake cha unga. Ila spika nimekodi, na sofa. Sofa ni kubwa kuliko la mjukuu wake. Nyama ni fahali wa Mabula, nitamwarifu. Kanisani natangaza kesho misa ya kwanza, na ya pili kwa waliochelewa. Wa Namungo waje, wa Chunyu waje, hata wale wa Ruangwa tusiosalimiana nao: sherehe ni Jumamosi, tarehe 30 Agosti.