Tepe za Mama na Goti la Bibi

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi mnaomenya na mnaofua, wekeni chini vilivyo mikononi mwenu. Maana habari ninayoileta si ya wafalme waliouana kwa ajili ya mito na milima, bali ni ya vita vikubwa kuliko hivyo: habari ya mwanamke mmoja, askari wa gereza, Mama yetu, Mshika Funguo, Mfunga Malango, Mwenye Buti Zinazong'aa Kuliko Sufuria, na jinsi alivyoziteka tepe za usajini kwa ncha ya ulimi wake. Nanyi, funguo mliokuwa mkilia kiunoni mwake, lieni tena kidogo, nisije nikasahau neno.

Shujaa huyu alijaliwa kila kitu isipokuwa sauti. Hakuwahi kufungua lango la pili kabla ya kulifunga la kwanza, hata nyumbani, ambako mlango wa jikoni ulikuwa haufunguki mpaka wa mbele uwe na komeo, na wageni wetu walizoea kusubiri katikati kama mizigo. Lakini sauti yake ilikuwa laini kama unga uliochekechwa. Katika bweni la wafungwa wanawake, wenyewe walinyamazishana ili wamsikie: "Shii! Afande anasema!" Naye akisema, alisema "tafadhali."

Sasa, sheria ya gereza lile ilikuwa hivi: atakaye tepe za usajini na usimamizi wa zamu, shurti ashinde mtihani wa karatasi, kisha asimame peke yake uwanjani na kukiongoza kikosi kizima kwa mdomo mtupu, bila filimbi wala ishara ya mkono. Karatasi Mama aliinywa kama uji. Uwanja ndio uliomnywa yeye. Mara ya kwanza aliamuru "Mbele, tembea!" nao wakatembea, akaamuru "Simama!" nao hawakusikia, wakaenda na kwenda, mashujaa wenye masharubu, wakaingia katika kamba za kufulia na kutokea upande wa pili wakiwa wamevaa mashuka. Mara ya pili walivamia bustani ya kabichi ya Mkuu wa Gereza, kabichi alizokuwa akizimwagilia mwenyewe na kuziita kwa majina. Siku hiyo kabichi zilianguka kwa wingi, wala hapakuwa na wa kuzizika.

Kanuni ilimpa mtu mara tatu. Ya nne haikuwapo.

Na kwa nini alizitaka tepe? Si kwa fahari. Msimamizi hupewa nyumba ya vyumba viwili. Sisi tulikuwa na kimoja, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa akilala jikoni, kichwa karibu na jiko la mkaa, miguu chini ya kabati la vyombo. Ndipo jioni moja Bibi aliposimama kati ya masufuria, akajifunga mtandio wake kiunoni, akanena:

"Sikilizeni, watu wa nyumba hii. Mimi si mwiko, nilale na sufuria! Nimevumilia moshi, nimevumilia mende anayenipitia usoni kama ana shughuli mjini. Sasa basi. Safari hii tepe zikikataa, nafunga kifurushi changu nakwenda kwa yule mwanangu mwingine. Mkewe hanipendi, lakini ana kitanda."

Mama, aliyefiwa na mamaye kabla hajaota meno ya pili, hakuwa na mama mwingine duniani ila huyu aliyekuwa akimpigia kelele. Akainama, akamshika miguu.

"Mama, usiende."

"Umesemaje? Sikusikia."

"Nimesema usiende."

"Ndiyo hayo ninayoyasema!" Bibi akapaza. "Hata kunizuia hunizuii kwa sauti!"

Basi vita vikatangazwa, na uwanja wetu wa kuanikia nguo ukawa uwanja wa mazoezi. Baba, fundi cherehani, Jemadari wa Pindo na Mishono, aliitoa cherehani yake nje akaikanyaga kwa nguvu zake zote, ili Mama ajifunze kuushinda mngurumo wake. Kikosi kilikuwa mimi, kaka yangu, na Bibi.

"Mama, wewe kaa," Baba akamsihi. "Goti lako hilo."

"Kikosi kisicho na mzee ni genge la wahuni," akajibu Bibi, akajipanga mbele.

Mama akajaza kifua. "Kikosi, mguu sawa!"

"Hatujasikia!" tukajibu.

"Kikosi! Mguu sawa!"

"Mke wangu," akasema Baba bila kuacha kukanyaga, "hiyo ni sauti ya kuomba chumvi. Niite kama siku ile nilipochoma sketi yako ya sare kwa pasi."

Loo! Ikatoka. Ikatoka sauti ambayo sijui ilikuwa imelala wapi miaka yote ile, cherehani ikakata uzi, paka akapanda ukutani, na jirani yetu aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuzimika, akajibu kutoka ndani kwake: "Shemeji, hata sisi huku tumesimama!"

Kuanzia hapo tuligeuka kulia, tukageuka nyuma, tukatembea mpaka nyasi zikakata tamaa. Jambo moja tu lilisumbua. Bibi alipogeuka kushoto, goti lake lilikwama, naye alishika bega langu akisonya. Mama, ambaye hangeweza kumwamrisha mavyaa wake kama kuruta, alijizoesha kila baada ya amri hiyo kuongeza neno la adabu: "Kushoto, geuka! Taratibu Mama, goti!" Nasi tukazoea. Hakuna aliyeona hatari. Hivyo ndivyo miji mikubwa inavyoanguka: kwa mlango mdogo aliouacha wazi mtu mwenye adabu.

Siku ikafika. Jua lilisimama juu ya paa la gereza kama askari wa zamu. Jamaa za watahiniwa tuliruhusiwa kukaa kando ya ukuta wa jiko. Bibi akapewa ndoo aikalie, akaikalia kama kiti cha enzi. Kikosi kilikuwa kimepangwa, wanaume wanene na wembamba, masharubu yamechanwa. Pembeni alitembea Mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mrefu mkavu, Mkausha Tabasamu, fimbo kwapani, ambaye inasemekana aliwahi kumfelisha mpwa wake mwenyewe kwa kupiga chafya. Na nyuma ya uwanja, zikiwa zimeota upya, kabichi zilitetemeka.

"Mtahiniwa," akasema Mkaguzi, "nataka mambo matatu tu. Usikike, utiiwe, ukisimamishe unapotaka wewe, si wanapotaka wao. Anza."

"Kikosi! Mguu sawa!" Ardhi ikaitikia. Mkaguzi akainua nyusi moja. Redio, aliyekuja bila kualikwa, akanong'ona kwa sauti ya kufika mjini: "Huyo ndiye shemeji yangu!"

"Mbele, tembea!" Wakatembea. "Kulia, geuka!" Wakageuka kama ukurasa wa kitabu. Baba alikuwa akitafuna futi yake ya kupimia. Ndipo Mama, akiwa juu kabisa ya kilele cha utukufu wake, akafungua kinywa akapiga kwa sauti iliyorudi kutoka kuta zote nne:

"Kushoto, geuka! Taratibu Mama, goti!"

Mkaguzi akainua na ile nyusi ya pili.

Lakini askari aliyefunzwa hachagui amri. Wale mashujaa wenye masharubu wakageuka kushoto taratibu, kila mmoja akibeba goti lake kama yai, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia wapone, wakaendelea hivyo hivyo, kikosi kizima kikichechemea kwa mguu mmoja, kwa mpigo mmoja, nyuso kavu, machozi ya kicheko kilichozuiwa yakiwatiririka, moja kwa moja kuelekea kabichini.

Mama akaweka mkono mdomoni. Ile sauti ikamrudia tumboni ilikotoka. Kikosi kinakwenda, Mkuu wa Gereza amefumba macho, nami naona kifurushi cha Bibi, naona mlango, naona jikoni hamna mtu.

Ndipo Bibi aliponyanyuka juu ya ndoo yake, akaita:

"Mimi sijambo, mwanangu! Goti ni zima! Wasimamishe hao!"

"Nani amesema hapo?" Mkaguzi akageuka.

"Mama yake!" akajibu Bibi. "Tembea wewe, usimchanganye mtoto!"

Mkaguzi, ambaye hakuwa ameamrishwa na mtu tangu alipokuwa kuruta, akatembea.

Na Mama, aliposikia neno lile, *mama yake*, akaushusha mkono, akavuta hewa yote iliyokuwa uwanjani mpaka sisi tukabanwa pumzi, akaiachia:

"Kikosiii! SIMAMA!"

Enyi msikiao, kikosi kilisimama, ncha ya buti la mbele ikigusa jani moja la kabichi moja, nalo halikuvunjika. Lakini si kikosi peke yake. Jikoni mpishi alisimama mwiko ukiwa juu. Bwenini wafungwa walisimama na vijiko mdomoni. Redio alinyamaza, jambo ambalo mkewe hulisimulia mpaka leo. Na Mkaguzi kutoka makao makuu alisimama mguu mmoja hewani, fimbo kwapani, kama korongo aliyesahau jambo.

Akakaa hivyo. Kisha akasema kwa unyenyekevu mkubwa: "Mtahiniwa, naomba amri ya kuushusha."

"Shusha, tafadhali," akasema Mama.

Akaushusha. Akasema hivi: "Amesikika mpaka ndani ya mifupa yangu. Ametiiwa hata alipokosea. Amesimamisha hata asiowaamuru. Mimi sina swali, isipokuwa hilo goti ni la nani?"

"Langu," akasema Bibi, "na usiku wa leo halilali jikoni."

Hivyo ndivyo zilivyotekwa tepe tatu. Baba alizishona kwenye mkono wa sare jioni ile ile, yeye aliyewahi kushonea maharusi, akazishona upande upande kwa sababu alikuwa haoni vizuri kwa machozi, na Mama akakataa zisifumuliwe. Bibi alipata chumba, kitanda na dirisha, akalala usiku mmoja, kesho yake akalalamika kuwa kimya kinamuumiza kichwa, akaomba apewe sufuria moja.

Gereza lile likaipata amri mpya ambayo haimo katika kitabu chochote. Makuruta hufundishwa geuka ya haraka, kisha hufundishwa ile ya taratibu, nayo huitwa Goti la Bibi.

Mwaka huu tuliisikia kwa mara nyingine. Wanaume sita wa kikosi kile walikuwa wamelibeba jeneza la Mama, masharubu sasa meupe, na pale njia inapokata kushoto penye ukuta wa bustani, walisita, hakuna aliyejua nani aamuru. Bibi, kizee wa mkongojo, akavuta hewa.

"Kushoto, geuka," akasema. "Taratibu, wanangu. Goti."

Wakageuka kama watu waliobeba yai, na katikati ya kilio mtu mmoja akacheka, nadhani Redio, kisha tukacheka sote, njiani kwenda kaburini kwa shujaa, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe angeisikia. Wala hapakuguswa kabichi hata moja.