Salamu Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni
Bi harusi amepotea! Si yeye, vipimo vyake. Niliviandika mwenyewe kwenye simu, kwenye lile daftari linalotengenezwa ofisini kwa binti yangu. Nimefungua orodha. Barua mia mbili na kumi na nne, kila mteja na yake, na zote zinaanza vilevile: Salamu nyingi, mimi mzima, hofu kwako. Ndivyo nilivyofundishwa darasa la nne, nikaishia hapo. Unaandikaje kiuno cha mtoto wa mwenzako bila hata kumsalimia?

Kitambaa lazima nikikate Ijumaa. Kumpima upya siwezi. Yule mtoto ni muuguzi, hana muda. Alimkimbia fundi aliyempima mara tatu, akaja kwangu kwa kuwa nilimwapia simu yangu haisahau. Tena mbele ya wifi! Tunashona chumba kimoja, cherehani kwa cherehani. Yeye daftari lake la karatasi linaning'inia msumarini. Analamba kidole, anafunua, huyo hapo. La kwangu la karatasi nimeliweka chini ya mguu wa cherehani, isiyumbe.

Jumanne, 4 Juni
Binti amepita asubuhi akienda kazini. Kumbe kule juu kuna kidirisha cha kutafutia! Miezi mitatu nilidhani ni pambo. Akasema niandike ninachotafuta. Nikaandika: Tafadhali naomba vipimo vya bi harusi, ahsante. Hakuna kitu. Binti alicheka mpaka akashika mlango. Akasema mama, hiyo haibembelezwi, inatajiwa neno moja tu. Na haijui unachotaka, inajua ulichoandika.

Maneno hayo yamenikaa kichwani. Sasa niliandika nini? Nikajaribu muuguzi. Hakuna. Jina lake sikuliandika, nilimwita mwanangu. Nikatafuta mwanangu. Wakaja wote mia mbili na kumi na nne, hata yule mzee wa koti. Nitafanyaje, wote si wanangu?

Wifi akauliza, kwa upole wa paka, kama simu imeshiba au bado ina nafasi ya bi harusi mwingine.

Jumatano, 5 Juni
Binti kanifundisha lebo. Ni kama makopo ya jikoni, alisema: hili chumvi, hili sukari, huna haja ya kuonja. Akaniwekea mbili, MUHIMU na kawaida. Ee, moyo ulifunguka! Nimeshinda nabandika lebo, chakula cha mchana nimekisahau. Ila kumwandika mtu "kawaida" niliona vibaya. Akijua je? Nikawapa wote MUHIMU.

Nikamaliza, nikabonyeza MUHIMU kwa shauku. Mia mbili na kumi na nne.

Nilimpigia binti, nikamweleza yote. Nikamuuliza kama mtandao umekatika.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu mpya! Mikono yangu naijua urefu. Nikaenda zahanati kumsalimia bi harusi, nikamkumbatia kiunoni huku nahesabu vidole. Nikamkumbatia tena, mabegani. Mara ya tatu akauliza kama nasikia kizunguzungu. Nikaitikia, ningesema nini? Akanilaza kitandani, akanifunga kile kitambaa cha presha. Nimekwenda kupima, nimepimwa mimi! Akasema presha imepanda, mama punguza mawazo. Mawazo yenyewe ni yeye!

Alipoinama, nikanusa spiriti. Nikashtuka. Siku ile ya kumpima si nilimwandika kwamba ananukia spiriti kama sindano za utotoni? Palepale kitandani nikatoa simu, nikaandika: spiriti.

Barua moja. Moja tu! Salamu, spiriti, kisha kifua, kiuno, nyonga, vyote vimekaa vinanisubiri. Niliruka kitandani mkono mmoja bado umefungwa. Bi harusi akaniambia nilale nitulie. Nikambusu.

Jumatano, 12 Juni
Amejaribu gauni. Limemkaa kama alizaliwa nalo! Wifi alimzunguka mara mbili akitafuta mkunjo. Alipoukosa akasema chumba hiki kina giza. Bi harusi akatoa chozi, kisha akaniuliza habari za presha.

Binti kasimulia kisa chetu ofisini. Wenzake wamecheka, halafu wakafikiri. Wanarekebisha daftari: orodha itaruka salamu, ionyeshe mstari wa pili.

Jumatatu, 17 Juni
Nimefungua simu, salamu hazipo! Orodha inasema: Shingo nene, ana haraka. Chini yake: Mzee wa koti, kitambi kimeongezeka. Chini yake: Bega moja limelala. Jamani, watu wamesimama uchi! Nimefunika simu kwa kitambaa. Binti anasema sasa nitampata yeyote kwa kufumba na kufumbua. Nimemshukuru, nimembariki, nimemsindikiza hadi mlangoni.

Kisha nimekaa. Barua moja baada ya nyingine, nimerefusha salamu: mimi, baba watoto, cherehani, mvua. Mistari mitano kamili. Mashine iruke sasa, tuone itatua wapi. Na ule mstari wa spiriti nimeufuta, mtoto wa watu anaolewa.

Mchana wifi akanisogelea na kitambaa cha zambarau. Mtu hajipimi mgongo, alisema huku anaangalia dirishani. Ila iwe siri. Nimempima kwa mapenzi yote. Jina sikuandika, siri ni siri. Nimemwita mwanangu.

Akauliza kama simu haitampoteza.

Nimemwapia.