Mgombea Aliyelazwa Chini ya Alizeti

Jumamosi, 6 Septemba

Amosi kaja kununua mafuta! Huyu ni kijana wa hapa Iguguno, analima kwa ng'ombe wake mwenyewe, hanywi, na ukikutana naye njiani anashuka kwenye baiskeli kwanza ndiyo akuamkie. Umri wa kijana, mambo ya babu. Kila mama mwenye binti anamtaka. Mimi nina Aneth. Basi.

Nikaona nimshike kwa maneno. Nikamuuliza urais anampa nani. Weee! Mafuta yalijaa kwenye chupa, yakamwagika, bado anaongea. Anamtaka Bwana Miwani, kwa sababu alipofika kwenye mkutano aliwaamkia wazee kabla hajashika kipaza sauti. Yule mgombea mzee, wa chama cha zambarau, hamtaki hata kidogo. Ana wajukuu halafu anakata kiuno juu ya gari mbele ya wakwe za watu! Na yule mama, yule aliyekuwa mkunga, anasema maneno yake mazuri, ila akishazunguka nchi nzima, mumewe anapikiwa na nani?

Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Nikamwambia nyumba hii yote ni ya Bwana Miwani, na Aneth amefunga siku tatu akimwombea.

Aneth hajafunga hata chai. Tena ni wa yule mama, damu damu. Mimi sina mtu. Nina kanga za wote watatu.

Jumapili, 7 Septemba

Mdomo wangu huu! Nikitoka kanisani nimemhadithia Martha, jirani yangu, kwamba Amosi amenasa kwa Bwana Miwani. Nilimwambia iwe siri. Mchana huo huo kabandika picha ya Bwana Miwani mlangoni, na binti yake Dina kamvika gauni linalofagia barabara. Ati Dina naye anampenda Bwana Miwani tangu mdogo. Huyo mgombea mwenyewe tumemjua mwaka huu!

Haiwezekani. Nimekwenda kwa watu wa kampeni, nikasema mimi ndiye kiongozi wa akina mama wa Bwana Miwani. Mmoja akauliza nani kanichagua. Nikajibu wenyewe. Wamenipa bango la turubai. Kubwa! Sura yake peke yake inatosha kuezekea jiko.

Jumanne, 9 Septemba

Niandike upesi kabla sijafa kwa aibu.

Bango halikuenea mlangoni. Nikaliweka. Leo nilikuwa na gunia la alizeti la kuanika kabla ya kulipeleka mashineni kukamua, na turubai langu panya wamelimaliza. Sasa turubai jipya lipo ndani limekunjwa, mtu ufanyeje? Nikalitandaza uani, nikamwaga alizeti. Nikavua ndala, nikaanza kugeuza kwa miguu kama siku zote, huku na huku, naimba.

Nasikia hodi. Amosi! Na baba yake mdogo, mzee Gaspari, kavaa koti. Unajua mwenyewe koti linamaanisha nini.

Mimi nimesimama juu ya mdomo wa mgombea. Kwenye miwani kuna kuku, na alichokuwa anafanya pale siandiki.

Amosi akatoa macho. Nikamwambia tumemlaza apumzike, kampeni zimemchosha. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Halafu nikakimbilia kamba ya nguo, nikavuta kanga ya kwanza, nikamfunika uso kwa heshima.

Ilikuwa kanga ya yule mama. Sasa mama kamlalia baba, mchana kweupe, mbele ya mzee Gaspari.

Aneth akatoka jikoni. Akapiga goti, akaamkia vizuri, nikashukuru Mungu. Kisha akasema, mama yangu msimsumbue, hana mgombea, ana kanga tu. Mimi ndiye nina mgombea, na ni yule mama. Wala sijafunga.

Amosi akauliza kwa upole, na mume wake anapikiwa na nani?

Aneth akamjibu kwamba kama mtu mzima anashindwa kusonga ugali, hiyo si kazi ya tume ya uchaguzi.

Mzee Gaspari alicheka mpaka akaomba kigoda. Amosi hakucheka. Kaaga, kachukua baiskeli, kaenda. Mwanangu kaingia ndani, hakula. Ndipo nikajua kumbe na yeye anampenda.

Jumatano, 10 Septemba

Martha kaniletea mlenda, ati pole. Dina anaimba tangu asubuhi. Mlenda nimekula, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 12 Septemba

Amosi karudi! Mwenyewe, bila koti. Kakaa uani na Aneth wakabishana juu ya wagombea mpaka kuku wakaingia kulala. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nachambua mchele niliokwisha kuuchambua. Amosi kakubali kwamba yule mzee wa zambarau, pamoja na kiuno chake, ndiye peke yake aliyetaja bei ya alizeti. Aneth kakubali kuamkia wazee ni jambo zuri, ila akasema shikamoo haileti maji. Kura hakuna aliyebadilisha.

Akiondoka kaniambia, mama, ukwe wa uongo siuwezi, lakini huyu wako anasema kilichomo moyoni, huyu ndiye. Jumapili mama yake mzazi anakuja kuleta neno rasmi.

Nimelia. Nimecheka. Nimeona wazi kwamba bila lile bango langu hili jambo lisingefika popote. Akili hizi!

Jumamosi, 13 Septemba

Martha kaja kunipongeza. Mwanamke mwema kumbe, nilimdhania vibaya. Kaninong'oneza, iwe siri, kwamba mama yake Amosi ni wa yule mzee wa zambarau, tena anapenda sana nyumba inayoonyesha wazi kuwa ni ya mzee huyo.

Kanga ya zambarau nimeshaifua na kuipiga pasi. Tangu mchana niko nyuma ya jiko nafanya mazoezi. Aneth kapita na ndoo, kasimama, kauliza kiuno kimefanyaje.

Nimemwambia ni baridi.