Nauli ya Upande wa Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Andika, mkamwana, na usinirekebishe. Kitanda changu cha droo kiko tayari kwa seremala. Kikubwa kuliko cha wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, yule aliyewahi kunionyesha droo zake moja moja hadi chai ikapoa. Sasa seremala anataka zile sarafu za kidijitali za kwenye simu, ila za mnyororo mpya, ndivyo wanavyouita mtandao zinamokaa. Zangu ziko mnyororo wa zamani. Si neno, kuna daraja humo humo kwenye simu, unabonyeza, zinavuka. Mkamwana anasema kila mnyororo una sarafu yake ya nauli, bila hiyo hutumi kitu, nibakishe kidogo huku, nitafute na ya kule. Nibakishe ya nini? Mtu anahama nyumba anaacha kijiko?

Jumanne, tarehe 4
Zimevuka! Zote. Hata nauli ya huku nimeigeuza ikavuka nazo. Nikampigia wifi kumsalimia. Kitanda nikakitaja kidogo tu, kila alipopumua.

Jumatano, tarehe 5
Hazitoki. Simu inasema sina nauli ya kule. Zimefika, zimekaa, zinanitazama. Seremala atangoja hadi Jumamosi jioni, kisha anamuuzia mwingine. Mwenye nauli hiyo mtaani ni mmoja, simtaji. Usicheke, nakuona.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekwenda kwa wifi. Nikauliza mguu wake, nikasifu mapazia, ndipo nikasema shida. Akamaliza kwanza kukunja nguo. Kisha akasema, "Haya wifi, kati yetu nani anaijua simu?"
Nikasema ni yeye. Eti hakusikia, nirudie. Huyo anasikia paka akikanyaga zulia. Nikarudia. Kanitumia nauli.

Ijumaa, tarehe 7
Muuza mboga kanipa pole. Msusi naye. Kumbe wifi katangaza kwamba sarafu zangu zinaishi mnyororo mpya kwa hisani yake. Kwa hisani ya nani? Nilikuwa niende kwa seremala, nikaghairi njiani. Nimezirudisha zote kwangu, mnyororo wa zamani. Nauli yake imeishia humo humo, na iishe.

Jumamosi, tarehe 8
Seremala anafunga jioni. Nabonyeza nizivushe tena, simu inasema huku nako sina nauli. Mkamwana kaweka kalamu chini ananiangalia. Iokote. Andika kwamba hukunieleza vizuri.
Halafu nipe viatu. Naenda kwa wifi. Siendi kuomba, naenda kuuliza mguu.